Mibuni yakosa baridi ya usiku: hesabu ngumu ya familia za Kilimanjaro

Mwenye kuiacha barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha na kuanza kupanda kuelekea Machame hupita nchi mbili zisizofanana katika mwendo mfupi mno. Chini ni tambarare kavu ya mahindi, ambako wakati wa kiangazi vumbi hulifuata gari kama mkia. Juu ni vihamba: migomba imesongamana, chini yake mibuni, juu yake miringaringa na miruka, na mpakani ua wa masale, mmea ambao kwa Wachaga ni alama ya mpaka na pia ni alama ya kuombana radhi. Wengi wetu tuliolelewa mijini huitazama sehemu hiyo ya juu tukadhani ni msitu. Si msitu. Kila mti uliopo pale umepandwa, au umeachwa kwa makusudi na mtu aliyejua sababu yake.

Ndani ya bustani hiyo ndimo ilimo kahawa ya arabika, na ndani ya kahawa zimo ada za shule, bati za nyumba na, kwa familia zilizojaaliwa, nauli ya mzazi kwenda Hija. Mbegu zake zilifika Kilema mwishoni mwa karne ya 19 kupitia kwa wamisionari wa Kikatoliki. Walowezi wa Kizungu walitamani zao hilo libaki lao peke yao, lakini mwaka 1925 wakulima wenyeji wakaunda chama chao chini ya Joseph Merinyo, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika ambao jina lake hadi leo halihitaji maelezo kwa mtu wa Moshi. Ukurasa huu wa familia umezoea kuzungumza malezi, ndoa na mirathi. Leo tunazungumza kahawa, na msomaji ataona punde kwamba hatukuhama mbali.

Lililobadilika mlimani halionekani kwa macho ya mgeni, kwa sababu mgeni huja mchana. Limebadilika usiku.

Arabika ni mti wa nyanda za baridi. Hupendelea wastani wa nyuzi joto 18 hadi 22 hivi, na hutaka usiku uwe wa baridi. Mchana majani hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Usiku mti hupumua na kukitumia kiasi cha chakula hicho. Usiku ukiwa wa baridi, matumizi huwa madogo na ziada huingia katika tunda. Usiku ukiwa wa joto, mti huila akiba yake wenyewe, mithili ya nyumba inayokula mshahara wote kabla mwezi haujafika nusu. Tunda nalo huiva upesi kabla punje haijajaa, likatoka jepesi. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Craparo walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka mingi za hali ya hewa na mavuno ya arabika nchini Tanzania. Waliona kwamba kinachofungamana zaidi na kupungua kwa mavuno ni kupanda kwa joto la usiku, na kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka hapo huondoa kiasi cha kilo 137 kwa hekta kwa mwaka. Ndugu msomaji, asiyelima anaweza kuiona hesabu hiyo kuwa ndogo. Mavuno ya mkulima mdogo wa nchi yetu huhesabiwa kwa mamia machache tu ya kilo kwa hekta, kwa hiyo kilo 137 si upungufu, ni pengo. Watafiti hao walikadiria kwamba mwenendo ukibaki ule ule bila hatua zozote, ifikapo mwaka 2060 wastani utakuwa umeshuka hadi kilo 145.

Baada ya joto huja mvua, na hapa ndipo kina mama wanapoanza kuumia kabla ya wengine. Mbuni huchanua pale mvua ya kwanza inapoukuta ukiwa na kiu ya kiangazi. Masika na vuli zilipokuwa zikishika zamu zao, maua yalitoka kwa pamoja, matunda yakaiva kwa pamoja, na mchumaji akapita shambani mara chache akamaliza. Mvua zinapokuja vipande vipande, mti huchanua leo kidogo na baada ya wiki kadhaa kidogo tena. Tawi moja huwa na ua, tunda bichi na tunda jekundu kwa wakati mmoja. Anayechuma hulazimika kurudi kwenye mti huo huo mara nyingi, kwa sababu punje mbichi moja moja zinazochanganyika na zilizoiva zinatosha kuishusha daraja kahawa yote mnadani Moshi. Na anayechuma, tukisema kweli, aghalabu ni mama na watoto wake. Hakuna daftari la ushirika linaloandika idadi ya safari hizo.

Wadudu nao wamepanda mlima. Ruhuka, mdudu mdogo mweusi atobowaye tunda na kuzaliana ndani ya punje, hupenda joto, na zamani baridi ilimzuia kufika maeneo ya juu. Utafiti uliofanywa katika miteremko ya Kilimanjaro ulionyesha kwamba katika kipindi cha miaka kumi amepanda takriban mita 300 juu ya mpaka wake wa awali. Mita 300 za mwinuko katika mlima huo zinaweza kumaanisha vijiji kadhaa ambavyo wazee wake hawakuwahi kumjua.

Mtu angeweza kuuliza: kwa nini basi kahawa nayo isipande juu? Huko Ethiopia, nchi ya asili ya arabika, jambo hilo linajadiliwa kwa uzito. Kilimanjaro halina nafasi. Vihamba hukoma kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, na hapo huanza msitu, ambao tangu mwaka 2005 umo ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa. Wala si busara kuutamani. Wengi hudhani kwamba maji ya mlima hutoka kwenye theluji ya Kibo, wakiona theluji imepungua hukata tamaa. Theluji imepungua kweli, zaidi ya asilimia 80 ya eneo lililokuwa limefunikwa mwaka 1912 haipo tena. Lakini maji ya mito na mifongo, kwa sehemu kubwa kabisa, ni ya mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Anayefyeka msitu ili apate pa kupanda mibuni anaiziba chemchemi inayoinywesha. Kwa hiyo kahawa ya Kilimanjaro imebanwa kati ya joto linalopanda kutoka chini na mpaka usiovukwa juu. Haina pa kuhamia. Lazima ibadilike ikiwa pale pale ilipo.

Na imeanza kubadilika. Baadhi ya mabadiliko hayo ni kurudi kwenye yale waliyoyafanya mababu. Kulikuwa na miongo ambayo mabwana shamba walihimiza kahawa ipandwe peke yake, juani, kwa mistari iliyonyooka, ili izae zaidi kwa mbolea ya dukani. Kihamba cha kale kikaonekana fujo. Kisha watafiti wakaenda kupima upande wa Uganda, katika ukanda wa arabika wa Mlima Elgon, wakakuta kwamba hekta ya kahawa iliyochanganywa na migomba humwingizia mkulima karibu maradufu ya hekta ya kahawa pekee. Bibi wa Kichaga angeweza kuwaambia hayo bila kupima. Mgomba hutoa kivuli, majani yake yaliyokauka hutandazwa chini ya mibuni yakahifadhi unyevu, shina lililokatwa huwa chakula cha ng'ombe aliye zizini, na samadi ya ng'ombe hurudi kwenye mgomba na mbuni. Kahawa ikikosa, ndizi ipo chunguni.

Hata hivyo tusikisifu kivuli kupita kiasi. Miti mirefu hushusha joto la mchana kwa nyuzi kadhaa na kuzuia jua lisikaushe udongo, lakini dhidi ya joto la usiku, ambalo tumesema ndilo adui mkubwa, msaada wake ni mdogo. Kivuli kikizidi, unyevu hukaa majanini na chulebuni hushamiri. Mkulima hodari hupunguza matawi ya miringaringa kabla ya mvua na kuyaacha yakue kuelekea kiangazi. Hiyo ni kazi ya ngazi na panga, ni ya hatari, na mzee wa miaka 70 hawezi kuifanya peke yake.

Maji pia yamerudiwa. Mifongo, ile mifereji ya kale iliyochongwa kandokando ya miteremko na kusimamiwa na koo kwa zamu zinazojulikana, ilikuwa imeanza kufa katika vijiji vingi, kwa sababu ufukuaji wake huhitaji vijana na vijana wako mjini. Mwaka 2011 kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Miongoni mwa kazi zilizofanyika huko ni kuikarabati mifereji isivujishe maji na kuzipanua nduwa, yaani mabwawa madogo yanayojazwa usiku ili yafunguliwe mchana, kwa kuwa kiangazi sasa ni kirefu kuliko zamani. Sambamba na hayo wakulima waligeukia kahawa isiyotumia kemikali, na vanila ikaanza kupandwa. Sisi tumelipenda hasa lile la nduwa. Ni jambo ambalo mtu huweza kulionyesha kwa kidole, halihitaji semina hotelini.

Lakini jambo zito kuliko yote ni kubadilisha miti yenyewe. Mibuni mingi ya mlimani ni mizee, mingine imepita miaka 50, na ni ya aina zilizotolewa zamani katika kituo cha Lyamungu, kama N39 na KP423. Kahawa yake ni tamu na wanunuzi huisifu, ila mti hauna kinga dhidi ya chulebuni wala kutu ya majani. Ili uzae, hupigwa mrututu mara kwa mara, na mvua isiyotabirika huiosha dawa kabla haijafanya kazi, fedha ikatiririka mfongoni. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001 na kurithi kituo hicho cha Lyamungu, imetoa aina chotara zinazostahimili magonjwa hayo mawili. Miche yake huzalishwa kwa vikonyo na kwa kubebesha, na vikundi vya wakulima vimefunzwa kuendesha vitalu vyao wenyewe vijijini. Kwa hiyo elimu ipo na miche ipo. Kwa nini basi mibuni mizee bado imesimama?

Tuseme familia moja ina kihamba cha nusu ekari chenye mibuni 200. Ikiing'oa yote mwaka huu na kupanda michanga, itakaa takriban miaka mitatu kabla ya kupata mavuno ya maana. Miaka mitatu hiyo yumo mtoto anayeingia kidato cha kwanza, yumo bibi mwenye dawa za presha kila mwezi. Ndiyo maana wataalamu hushauri kubadilisha kwa mafungu: ng'oa miti 60 iliyo dhaifu zaidi, mingine 60 ikate mashina ichipue upya, iliyobaki iendelee kulipa ada. Mwaka unaofuata songa mbele. Hesabu hii ni nyepesi karatasini. Shambani inadai mtu mwenye kauli, na hapo ndipo penye mkwamo.

Nani ana kauli juu ya mbuni? Kwa mila, kihamba hupita kwa watoto wa kiume, na kitinda mimba hubaki katika nyumba ya wazazi. Kahawa ilihesabiwa kuwa ya baba, ndizi na maziwa ni ya mama. Kumbe anayeijua hali ya kila mti kwa sababu ndiye anayepalilia, anayetandaza majani na anayechuma, ni mama, ambaye hana ruhusa ya kuung'oa hata mmoja. Mwenye ruhusa ni mzee ambaye magoti hayampeleki tena hadi mwisho wa shamba, au ni mtoto wa kiume aliye Dar es Salaam ambaye hukijua kihamba kwa kumbukumbu za utotoni. Na baba akishafariki bila mambo kuwekwa sawa, hali huwa mbaya zaidi. Kupanda mti wa kudumu ni kama kutia saini kwamba ardhi ni yako, na kung'oa mbuni wa marehemu huweza kutafsiriwa kuwa ni dhuluma. Basi kila mmoja huogopa kugusa. Miti huzeeka ikimngoja mtu asiyekuwapo, na joto halingoji.

Sisi tunaoshika kalamu za kamati za misikiti hukutana na jambo hili pale tunapoombwa kuandika muhtasari wa vikao vya mirathi. Familia za Kiislamu za mlimani zina kanuni mbili chini ya dari moja. Mila imekwisha tajwa. Sharia nayo humpa mjane thumni pale marehemu anapoacha watoto, na binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Kuna na sheria ya nchi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke kuwa na haki ya ardhi sawa na mwanamume. Wapo wanaokwepa kugawa mirathi kwa hoja kwamba nusu ekari ikigawanywa kwa warithi saba hakibaki kihamba, zinabaki kamba. Hofu yao ina msingi, lakini hoja haijitoshelezi. Fungu si lazima likatwe ardhini. Warithi wanaweza kubaki na shamba kwa ushirika, kila mmoja akiijua sehemu yake kwa maandishi, jambo ambalo mafaqihi huliita mushaa. Au wanaweza kufanya takharuji, mmoja akawalipa wenzake thamani ya mafungu yao wakatoka kwa ridhaa. Njia zote mbili huacha shamba zima na humpatia mtu mmoja anayejulikana kauli ya kusema: mti huu uondoke. Mara nyingi mtu huyo akiwa ni mjane au binti aliyebaki nyumbani, shamba hubadilika upesi zaidi, kwa sababu anayeamua na anayelima huwa ni mtu yule yule.

Hatusemi kwamba mkulima anayeiacha kahawa amekosea. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei zilianguka, na wengi walioona magunia yao yakinunuliwa kwa bei ya kutupa waling'oa mibuni wakapanda nyanya, ndizi za kuuza, na siku hizi parachichi. Leo Mbinga, Mbozi na Kagera huipita Kilimanjaro kwa wingi wa kahawa, na si joto pekee lililosababisha hayo. Bei nzuri humfanya mtu avumilie miaka mitatu. Bei mbaya humfanya ashindwe hata miezi mitatu. Chama cha msingi kinachochelewesha malipo ya pili kinaweza kuua mibuni mingi kuliko ruhuka, na tunayasema haya bila kinyongo, maana tumewahi kukaa katika foleni hizo.

Msimu una ratiba yake. Miche huhamishwa kutoka kitaluni masika yakishashika, na mashimo hutakiwa yawe yamechimbwa na kuchanganywa samadi miezi miwili mitatu kabla. Kwa hesabu hiyo uamuzi wa familia huangukia Desemba, na Desemba ndiyo mwezi ambao mabasi ya Dar es Salaam, Arusha na Mwanza huwarudisha watu wa mlima nyumbani, waliosoma na wasiosoma, wenye magari na wenye mabegi ya mgongoni. Siku zile chache kihamba hujaa sauti. Familia nyingine zimeanza desturi mpya: asubuhi moja, kabla jua halijawa kali, wote huteremka shambani pamoja, mzee akiwa ameshikwa mkono, mama akitangulia kwa kuwa ndiye ajuaye. Mama huonyesha mti ulioliwa na bungua, mti usiozaa tangu mwaka juzi, mti unaofaa kukatwa shina tu. Mtoto aliyetoka Dar es Salaam hufunga kipande cha kamba ya mgomba kwenye kila unaotajwa. Mzee huuliza maswali, hukataa baadhi, huutetea mmoja alioupanda na marehemu kaka yake, nao huachwa. Kisha hurudi nyumbani kunywa chai, na mmoja wao huandika katika daftari: hamsini na nane.